Kitambaa cha Chini ya Kochi

Hospitalini, foleni ya hema la utafiti wa dawa mpya ya homa ilianzia kwenye ukuta wa jengo la kufulia na kuishia langoni, na karibu kila aliyepanga alikuwa na mgonjwa wake pembeni, amekaa chini, ameegemea kitu. Mama Vifungo alimwegemeza mumewe kwenye bomba la maji ya mvua. Foleni iliposogea, alimsogeza naye, bega moja kwanza halafu la pili, kama mtu anayehamisha kabati peke yake.

"Usinibebe kama kochi," mumewe alisema kwa sauti ndogo.

"Kochi lina nafuu. Halitoi maelekezo."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kilichomkunja mpaka paji la uso likagusa magoti. Waliokuwa karibu wakageuza nyuso zao upande wa ukuta. Hawakufanya hivyo kwa ubaya. Kila mtu pale alikuwa amefundishwa kugeuka.

Mtaani kwao mwanamume huyo aliitwa Sponji, kwa sababu alikuwa fundi wa makochi na kwa sababu maisha yalimbonyeza mara nyingi na mara zote alirudi. Mkewe ndiye aliyevika vifungo vitambaa, vile vidogo vya mviringo vinavyodidimizwa kwenye egemeo la kochi, na jina lake likatokea hapo. Walikuwa na watoto wawili, ambao kwa wiki hiyo walipelekwa kwa shangazi yao. Nyumbani waliishi pia na mama yake Sponji, ambaye wote nyumbani walimwita Bibi, hata mwanawe.

Ndani ya hema kulikuwa na meza moja, muuguzi mmoja, na sanduku la mbao lenye bahasha zilizopangwa zikiwa zimesimama, kama kadi za maktaba. Muuguzi alikuwa na alama nyekundu mashavuni, mahali barakoa ilipokaa tangu alfajiri.

"Homa ilimwanza lini?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Leo ni siku ya kumi na mbili," Mama Vifungo akajibu.

Haikuwa kweli. Ilikuwa Jumatatu, na homa ilikuwa imemwanza Sponji asubuhi ya Ijumaa, kwa hiyo siku hiyo ilikuwa ya nne. Lakini Bibi alikuwa amemwambia mlangoni, akimfunga kanga begani: "Usiende ukasema siku nne, mwanangu. Ukisema nne watakwambia mrudi nyumbani mkanywe maji mengi. Sema kumi na mbili. Kumi na mbili wataogopa." Na Bibi hakuitoa hewani hekima hiyo. Mwaka uliopita mtoto wao mdogo alipelekwa zahanati akiwa na homa ya siku moja, akarudishwa. Siku ya pili, akarudishwa. Siku ya tatu Bibi alimpeleka mwenyewe, akasema wiki, na mtoto akalazwa papo hapo. Mtaa mzima ulijua hivyo. Kwa daktari siku huongezwa, kama vile sokoni bei huongezwa, na kila upande hujua kwamba mwenzake atapunguza.

Muuguzi aliandika, kisha akaweka kalamu chini.

"Pole sana, mama. Dawa hii wanapewa walio ndani ya siku tano tu tangu homa ianze. Ikizidi hapo haifanyi kazi, au hatujui kama inafanya. Mgonjwa wako ataenda wodi ya chini."

Mama Vifungo alisimama akiangalia ile namba. Ilikuwa imeandikwa kwa wino wa bluu, nzuri, imenyooka.

"Nimekosea," alisema. "Ni siku nne."

"Mama."

"Haki ya Mungu, dada. Ni nne. Ijumaa asubuhi. Nilisema kumi na mbili kwa sababu..." Akakosa namna ya kuimaliza sentensi ile bila kumtaja mama mkwe.

"Kila mtu akishasikia tano, anakuwa na nne," muuguzi alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma kibao. "Mimi nitakuamini lini? Uliponiambia mwanzo au uliponiambia mwisho?"

"Muulize mwenyewe. Yuko hapo nje."

"Na yeye atasema nne. Sikiliza. Kilichoandikwa siwezi kukifuta kwa maneno. Niletee karatasi. Barua ya mwajiri wake kwamba wiki iliyopita alikuwa kazini, mzima."

"Hana mwajiri. Ni fundi."

"Barua ya mteja, basi. Kama kweli ni Ijumaa, kesho ndiyo siku yake ya mwisho. Tunafunga saa kumi jioni. Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa mwanamume mwenye kofia ya bluu, aliyemleta kaka yake. Alikuwa amesimama hatua moja nyuma ya pazia la hema, na pazia la hema si ukuta. Alipoulizwa homa ilianza lini, alijibu upesi, "Siku tatu, dada." Muuguzi akaandika tatu, akamwonyesha mahali pa kusaini kaka yake, akachomoa bahasha ya mbele kabisa kwenye sanduku. Ilikuwa na namba kubwa juu: thelathini na moja.

Mama Vifungo aliiona namba hiyo akiwa anatoka. Hakujua kwamba angeikumbuka.

*

Wodi ya chini ilikuwa imejaa, kwa hiyo Sponji alipewa godoro kwenye ujia, karibu na mlango wa bafu. Mtungi wa hewa ulikuwa mmoja kwa watu watatu. Mama Vifungo alimwekea chupa ya maji mahali mkono wake ungefika, akamwambia kilichotokea. Alimwambia yote, isipokuwa aliyemfundisha.

Sponji alifumba macho.

"Kumi na mbili," alisema. "Si mngesema hata mwezi."

"Nisamehe."

"Nani kakufundisha? Bibi?"

Mkewe akaisogeza chupa ya maji karibu zaidi.

"Usimgombeze," Sponji alisema. "Siku ile alimwokoa mtoto kwa njia hiyo hiyo."

Kisha akavuta pumzi kadhaa, akizihesabu, na kusema maneno aliyoyagawa katikati ya pumzi: kwamba kazi yake ya mwisho ilikuwa Alhamisi, nyumbani kwa mkandarasi, kule kwenye nyumba zenye mageti. Kochi la watu watatu, kitambaa cha kijivu. Alilifungia hukohuko barazani kwao. Mke wa mkandarasi alimwona. Alimpa chai.

"Ataandika," alisema. "Ni mama mstaarabu. Alinipa chai kwenye kikombe cha nyumbani, siyo cha bati."

Jioni ile Bibi alikuwa ameketi kwenye kibanda cha kazi mbele ya nyumba, katikati ya mabaki ya vitambaa, mikono mapajani. Alimsikiliza Mama Vifungo mpaka mwisho. Halafu alishika fremu ya kiti iliyokuwa mbele yake, akaitikisa taratibu, kama anayejaribu kama ni imara.

"Ni mimi," alisema. "Nimemfungia mlango mwanangu mwenyewe."

"Mama, usiseme hivyo. Kinywa kilichosema ni changu."

"Maneno yalikuwa yangu."

Hawakubishana zaidi. Mama Vifungo alikaa chini, akachukua kifungo kisichovikwa na kipande cha kitambaa, akakivika bila kuangalia, na Bibi akamkata uzi.

*

Asubuhi ya Jumanne mlinzi wa nyumba ya mkandarasi alimtambua kabla hajasema jina.

"Shemeji! Sponji yuko wapi? Namdai kicheko, aliondoka Alhamisi hajamaliza hadithi yake."

"Anaumwa."

Mlinzi akarudi nyuma hatua moja. Kisha akaona aibu, akarudi pale alipokuwa. "Hapa nao wanaumwa," alisema kwa kunong'ona. "Mzee amelazwa tangu Jumamosi. Lakini sijakwambia."

Nyumba ilikuwa imepulizwa dawa, madirisha yote wazi. Samani zilikuwa zimetolewa barazani zipigwe jua, na katikati ya samani hizo lilikuwa kochi la kijivu lenye vifungo ishirini na moja. Mama Vifungo alivijua vyote. Mke wa mkandarasi alitokea mlangoni akiwa na barakoa mbili, moja juu ya nyingine, akasimama upande wa pili wa kochi.

"Karibu, mama. Simama hapo hapo, tafadhali. Kama ni hela ya kazi, alishalipwa."

"Alilipwa, ndiyo. Asante. Nimekuja kuomba maneno mawili kwenye karatasi. Kwamba Alhamisi alikuwa hapa anafanya kazi, mzima. Basi."

Alieleza habari ya fomu, siku tano, saa kumi jioni. Alieleza hata uongo wake, kwa sababu bila uongo ule hadithi haikuwa na kichwa wala miguu. Mke wa mkandarasi alisikiliza akiwa amejikumbatia. Alikuwa mwanamke ambaye hajalala vizuri kwa siku kadhaa. Nywele zake zilikuwa zimefungwa kwa mpira wa kufungia bahasha.

"Sikumbuki kama ilikuwa Alhamisi," alisema.

"Ilikuwa Alhamisi."

"Inawezekana ilikuwa wiki ya nyuma yake. Siku zimechanganyika, mwenzangu." Kisha akatoa la moyoni. "Watu wa afya walikuja hapa. Walituuliza nani aliingia nyumba hii. Tulisema hakuna. Tuliandika. Ningesema kuna fundi wangetundika ile karatasi yao nyekundu ya karantini getini, na kazi za mume wangu zingesimama zote. Sasa leo niandike kwa mkono wangu kwamba alikuwapo?"

"Sitawapelekea watu wa afya. Ni ya hospitali."

"Ni walewale." Kisha, kwa sauti iliyopanda ghafla: "Na usije ukasema ugonjwa aliupatia hapa. Labda ni yeye aliyetuletea sisi!"

"Sikuja kuuliza nani alimpa nani," Mama Vifungo alisema. "Mzee anaendeleaje?"

Swali hilo lilimkuta mke wa mkandarasi bila ngao. Macho yake yakajaa.

"Leo ameongea. Yuko ghorofa ya tatu. Wanampa dawa ile mpya, kwenye mshipa, asubuhi na jioni."

"Hii hii ya utafiti?"

"Ndiyo hiyo. Daktari wake aliandika barua maalumu, dawa ikaletwa siku ya pili yake."

"Alipata bahasha ya ngapi?"

"Bahasha gani?"

Mama Vifungo alimwangalia, akaona kwamba kweli hajui, na hakumweleza. Mke wa mkandarasi alifungua pochi, akatoa noti mbili, akaziweka kwenye mkono wa kochi kwa ncha za vidole, akarudi nyuma. "Chukua, ununue matunda ya mgonjwa. Barua siwezi. Nielewe. Siikumbuki hiyo siku."

"Kochi linaikumbuka," Mama Vifungo alisema.

"Nini?"

"Naomba mlinzi anisaidie kuligeuza."

Tangu siku za uanagenzi wake, Sponji alikuwa na desturi moja. Kabla ya kupigilia kitambaa cheusi cha chini, kile kinachoziba tumbo la kochi ili vumbi lisidondoke, alichukua penseli bapa ya seremala akaandika kwenye ubao wa fremu: siku, tarehe, hali ya kochi, na hali yake mwenyewe. Kochi huishi kuliko fundi, alisema. Likirudi baada ya miaka kumi lazima limkute mtu wa kuongea naye. Mkewe alikuwa akimcheka. "Unawaandikia panya." Mkewe mwenyewe aliwahi kufungua kochi lililoandikwa *jino linauma*, na jingine *leo nimepata binti*.

Mlinzi alishika upande mmoja, Mama Vifungo upande wa pili, wakalilaza kochi kwa mgongo. Mke wa mkandarasi alisema, "Mtalichana!" lakini hakusogea. Mama Vifungo alipiga magoti, akatoa funguo za nyumba yake, akaanza kung'oa pini za kitambaa cheusi moja moja, akizipanga sakafuni. Hakuchana hata uzi. Alipofungua kona moja ya kutosha, aliinua kitambaa, na mwanga wa asubuhi ukaingia tumboni mwa kochi.

*Alhamisi 15. Fremu nzuri. Springi ya kushoto imechoka, mwenyewe kasema iachwe. Mimi mzima.*

Mke wa mkandarasi alikuwa ameinama kwa mbali, anasoma, midomo ikicheza nyuma ya barakoa.

"Ni kweli alituambia habari ya springi," alisema polepole. "Mume wangu akamwambia, funika tu, nani ataona."

Mlinzi alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu asiyeumwa anayetaka kucheka na hathubutu.

Mke wa mkandarasi akaingia ndani. Alikaa huko muda ambao Mama Vifungo aliuhesabu kwa mapigo ya moyo wake, na aliporudi alikuwa na karatasi. Ilisema: *Fundi huyu alifanya kazi nyumbani kwangu siku ya Alhamisi tarehe 15, akiwa mzima.* Akatia sahihi. Aliiweka juu ya kochi, mahali zilipokuwa zile noti kabla hazijadondoka.

Mama Vifungo alipiga picha maandishi ya penseli kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka. Akaichukua barua. Akaziokota na zile noti sakafuni, maana nauli ilikuwa imekwisha.

"Nikupigilie hizi pini kabla sijaondoka?" aliuliza.

"Nenda, mama," mke wa mkandarasi alisema. "Nenda. Liache."

*

Saa nane na nusu mchana muuguzi aliisoma barua, akaiangalia picha, akaikuza kwa vidole viwili. "Mimi mzima," alisoma kwa sauti. Alimwita mratibu wa utafiti, kijana mwenye miwani iliyojaa ukungu, naye akasoma pia. Kisha mratibu alichora mstari mmoja juu ya kumi na mbili, akaandika tano pembeni, akatia sahihi kwenye mstari ule. Kazi yenyewe haikuchukua hata dakika moja.

Walimleta Sponji kwa kiti cha magurudumu. Mratibu akainama mbele yake, akaeleza taratibu, na alieleza vizuri, bila kuruka neno. Kwamba dawa bado inajaribiwa. Kwamba nusu ya wagonjwa wanapata dawa na nusu wanapata maji ya chumvi. Kwamba bahasha ndiyo inayoamua, na mfuko unafunikwa karatasi ya kahawia ili mtu yeyote asijue, si mgonjwa, si muuguzi, si yeye mratibu.

"Hata wa ghorofa ya tatu?" Mama Vifungo aliuliza.

Mratibu alivua miwani akaifuta. "Wale hawako kwenye utafiti."

"Kwa hiyo wao wanajua wanachopewa."

"Wao wanajua."

Sponji alikuwa akisikiliza kwa makini, kama alivyowasikiliza wateja. "Ni kama fundi," alisema, akavuta pumzi, "anayefunga kochi halafu hasemi. Ndani kuna sponji au kuna nyasi."

"Kidogo ni kama hivyo, mzee," mratibu alisema.

"Haya. Nitajua nikikaa."

Akacheka peke yake, akaishika kalamu, akaandika jina lake na tarehe. Akasita, kana kwamba palikuwa na jambo la tatu la kuandika na fomu haikuliwekea nafasi.

Muuguzi alichomoa bahasha ya mbele. Thelathini na sita. Mama Vifungo aliiona namba, na ndipo ile nyingine ikamrudia. Jana, kama angesema nne, mkono ule ungechomoa thelathini na moja na kuipa jina la mumewe. Hakujua kama hiyo ilikuwa bora au mbaya zaidi. Alijua tu kwamba ilikuwa yake na alimpa mtu mwingine.

Mfuko ulitundikwa saa tisa na robo, umevikwa karatasi ya kahawia na kufungwa gundi vizuri pande zote. Alikaa chini yake akitazama matone. Yalikuwa meupe. Maji ni meupe, na dawa nayo muuguzi alisema ni nyeupe.

*

Siku ya pili Sponji alikaa kitandani akaomba chai, na Bibi alipopelekewa habari alifagia kibanda chote. Siku ya nne ya mfuko alirudishwa kwenye mtungi wa hewa. Langoni Mama Vifungo alikutana na mwanamume mwenye kofia ya bluu amebeba chupa za maji. Wakasalimiana kama watu waliosafiri pamoja.

"Mgonjwa wako anaendeleaje?" mwanamume aliuliza.

"Hivyo hivyo. Wa kwako?"

"Anakula. Jana amegombana na mimi habari ya chumvi." Alitaka kutabasamu, akaona uso wa Mama Vifungo, akaacha. "Mungu yupo, dada yangu."

"Yupo," alisema.

Fundi Sponji alifariki Jumatatu, tarehe ishirini na sita, saa tano asubuhi, mkewe akiwa amekwenda kujaza chupa. Kwa sheria za wakati ule waliruhusiwa kumzika watu sita, na Bibi akawa mmoja wao. Hakulia makaburini. Alikuwa akitazama jinsi wachimbaji walivyofukia, na mwishowe aliwaambia kwamba upande wa kushoto hawajajaza sawasawa.

*

Miezi mitano baadaye hospitali ilimpigia simu. Utafiti umekwisha, dawa imeonekana inafanya kazi, na familia za wote walioshiriki zinakaribishwa kuchukua barua ya shukrani na, zikitaka, kujulishwa mgonjwa wao alikuwa kundi lipi. Mama Vifungo alivaa nguo yake nzuri.

Hema lilikuwa limeshang'olewa. Sasa ilikuwa ofisi yenye feni. Karani msichana alitafuta kwenye daftari kwa kidole, akakuta, kidole kikasimama.

"Alikuwa kundi la maji ya chumvi, mama. Pole. Lakini bila kundi hilo tusingejua kama dawa inasaidia. Amesaidia watu wengi sana."

"Ndiyo," Mama Vifungo alisema. Alikunja barua ya shukrani mara mbili. "Na thelathini na moja? Ilikuwa nini?"

"Siruhusiwi kusema ya mtu mwingine."

"Sawa, mwanangu. Si kitu."

Bibi alikuwa akimsubiri kibandani. Siku hizi ndiye aliyekuwa akivika vifungo. Macho yalikuwa hafifu lakini vidole vilijifunza haraka. Aliweka kazi chini.

"Wamekwambia?"

"Wameniambia."

"Alipata ipi?"

Mama Vifungo alivua viatu vyake vizuri, akavipangusa, akaviweka juu ya rafu. Alimwangalia yule mwanamke mzee aliyemfunga kanga begani asubuhi ile ya Jumatatu.

"Alipata dawa, mama," alisema. "Ile yenyewe. Ni siku zake tu zilizofika."

Bibi aliinamisha kichwa. Mabega yake yalishuka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kama mtu aliyeruhusiwa kutua mzigo njiani. "Basi tulimfikisha," alisema. "Basi tulimfikisha mlangoni."

Wiki iliyofuata pikapu ilileta kochi la kijivu. Mke wa mkandarasi alikuwa amepiga simu mwenyewe, akaomba radhi kwa kuchelewa kutoa pole, akalia kidogo, kisha akasema mzee amepona kabisa, ila springi ya kushoto inamchoma akikaa. Kitambaa cheusi kilikuwa bado kinaning'inia kona moja, kama alivyokiacha.

Mama Vifungo alifanya kazi hiyo mchana kutwa. Aliitoa springi iliyochoka, akaweka mpya, akaifunga kwa kamba mafundo manne, akaibonyeza kwa kiganja mpaka ikarudi sawasawa. Kisha akalilaza kochi kwa mgongo. Maandishi ya mumewe yalikuwapo pale pale. Alichukua penseli bapa, akaandika chini yake, akijitahidi herufi zisipande.

"Unaandika nini?" Bibi aliuliza kutoka kwenye kiti chake. Hakujua kusoma.

"Siku, mama. Na hali ya springi."

*Jumatano 4. Springi ya kushoto ni mpya. Aliugua siku kumi na moja. Siku ya nne nilisema kumi na mbili. Alipewa maji.*

Alisimamisha penseli. Kwa desturi ya kazi ile lilikuwa limebaki jambo moja la kuandika. Alilifikiria kwa muda, mpaka Bibi akamaliza kifungo kingine na kukidondosha kwenye kopo.

*Mimi mzima*, akaandika.

Kisha akavuta kitambaa cheusi mpaka kikakaza, akaanza kupigilia pini, kutoka kona ya kwanza.